Kijiko Kilichooga Ziwani

Lobedi, lori la kubebea mitambo, ilifika saitini asubuhi, akina mama wakiwa bado wanaanika dagaa kwenye vichanja. Opareta akakishusha kijiko, ule mtambo wa kuchimbia, taratibu, chuma kikilia juu ya chuma, na mimi nikasogea na daftari la stoo kuandika namba ya mtambo na saa uliyofika. Ndipo nikaiona minyororo. Tope jeusi lilikuwa limeganda kwa nje, lakini ukilibonyeza kwa kidole ndani bado bichi, na katika upenyo kati ya mnyororo na magurudumu ya chuma kulikuwa na majani. Nikachomoa kipande. Majani madogo ya kukunjana, yamekaa mawili mawili kwenye kikonyo, na juu yake vinyweleo vilivyosongamana. Nikayamwagia maji ya chupa. Maji yakateleza yote, majani yakabaki makavu.

"Kaka, hiki kijiko hakikuoshwa kilikotoka?"

Opareta alikuwa anashuka, mguu mmoja bado kwenye ngazi. "Dada yangu, kinakwenda kuchafuka tena. Wewe utaoga halafu ukalale matopeni?"

Vibarua wakaangua kicheko. Nami nikacheka, maana papo hapo sikuwa na jibu.

Wiki zimepita, na lile swali halijaniachia.

## Safu isiyokuwepo daftarini

Kazi yetu ni ndogo. Barabara fupi ya moramu ya kuteremkia mwaloni, mitumbwi inaposhushia samaki, sakafu ya zege ya kupokelea samaki, banda, na mteremko wa zege unaoingia majini ili mitumbwi isikwaruzwe na mawe. Si daraja la Kigongo–Busisi linalovuka ghuba ya Ziwa Victoria hapa Mwanza. Miradi ya ukubwa ule ina watu wa mazingira wanaolipwa kwa kazi hiyo tu, na wageni wenye kofia nyeupe kila mwezi. Huku kwetu anayeona kila kinachopita getini ni mtunza stoo.

Na mimi naandika kila kitu: namba ya gari, aina ya mzigo, ujazo, bei, sahihi ya dereva. Mhasibu akikuta tripu moja haina sahihi, simu inaita hapo hapo. Lakini hakuna safu ya kuandika moramu hii imechimbwa wapi, wala jana kijiko hiki kilikuwa kinafukua nini. Bei ya udongo tunaijua mpaka shilingi ya mwisho. Kwao hatupajui.

Madereva wenyewe wanapajua. Ukimuuliza mmoja wakati anasubiri foleni ya kumwaga, atakutajia machimbo, mwenye shamba, na kama juu ya shimo palikuwa na mahindi au pori. Hilo la pori ndilo la kusikiliza. Mbegu hukaa kwenye tabaka la juu, na tabaka la juu ndilo linalopakiwa kwanza kwa sababu ni laini na halisumbui bakuli la mtambo. Kwa hiyo mzigo wa mapema, ule tunaoufurahia kwa kuwahi, mara nyingi ndio wenye mizizi na masuke ndani yake.

Kabrasha la mradi lipo ofisini, limefungwa vizuri. Tathmini ya athari kwa mazingira ilifanyika. Viumbe vamizi wametajwa katika sentensi moja, baada ya vumbi na kelele, kabla ya choo cha wafanyakazi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazilinda mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Mwalo hauwezi kujengwa mlimani, ndiyo maana tulihitaji vibali na masharti. Masharti yamesainiwa.

Nilisoma ile sentensi mara kadhaa nikitafuta nani hasa anatakiwa kufanya nini, siku gani, kwa maji ya nani. Haisemi.

## "Ziwa ni moja"

Turudi kwenye lile jani. Afisa uvuvi alipoliona hakuhitaji hata miwani. "Salvinia hiyo. Imetoka wapi?"

Nilimwambia: kijiko kilikuwa kinafukua mfereji pembezoni mwa ghuba, upande wa Sengerema.

Msomaji wa Mwanza hahitaji kuelezwa sana. Mapema 2025, daraja likiwa bado halijafunguliwa, gugu hili la kuelea majini lilitanda Kigongo mpaka vivuko vikasumbuka kupita na watu wakalala wakisubiri. Daraja lilizinduliwa Juni 19 mwaka huo, kilomita 3 hivi za zege juu ya maji, na sasa unavuka ukiwa hujamaliza hata kujibu ujumbe kwenye simu. Nalishukuru daraja kila nikikumbuka wagonjwa waliokuwa wakingojea pantoni usiku. Ila nimewahi kujiuliza jambo la kipuuzi kidogo: zamani mtambo ulikaa foleni juani nusu siku, na kipande kidogo cha salvinia kikikauka sawasawa kinakufa. Sasa kinafika kibichi.

Kipande ndicho cha kuogopa. Salvinia haitegemei mbegu. Asili yake ni kusini mwa Brazil, na kila zulia lake unaloliona huku limetokana na kukatika: kipande chenye chipukizi kinaachana na mama yake, kinaelea, kinaanza familia. Maji yakiwa ya joto na yenye rutuba, kama yetu yanayopokea mifereji ya jiji zima, huweza kuongezeka maradufu katika siku zisizofika kumi. Sasa fikiria propela, nyavu, kamba ya nanga, na minyororo ya kijiko. Vyote ni vyombo vya kukatia na kusafirishia.

Basi nikamwambia fomeni mtambo usianze kazi kabla haujaoshwa. Akasema sawa, hoja imepita. Nikaenda kupokea saruji.

Niliporudi kijiko kilikuwa ziwani.

Kimezama mpaka juu ya minyororo, opareta anakisogeza mbele na nyuma ili maji yapige vizuri, anapiga mluzi. Vipande vya kijani vilikuwa vinatoka chini ya mtambo na kuelekea kwenye mafunjo, vikisukumwa na viwimbi. Vijana wawili walikuwa wanasugua kwa fagio za chelewa. Kusema kweli kilikuwa kinatakata.

Nilipofoka, opareta hakukasirika. Ni mtu mzima, ana miaka mingi kwenye usukani. "Dada, usijitese. Ziwa ni moja. Hata ningekiosha huko ng'ambo, upepo wa jioni ungeyaleta hapa hapa."

Hapo ndipo nilipokwama.

Maana ni kweli. Upepo unasukuma mazulia ya magugu kutoka ghuba hadi ghuba. Mvuvi analala maji yakiwa meupe, anaamka mtumbwi umefungiwa. Gugumaji lenyewe, lile la zamani kabla ya salvinia, lililoonekana ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980 hatukuletewa na kijiko. Lilishuka na mto Kagera, likatanda, na kufikia 1998 lilikuwa limeziba bandari na mialo katika nchi zote tatu. Mbawakavu waliofugwa na kuachiwa miaka ile ya 1990 walisaidia sana kulipunguza. Halikuisha. Mbegu zake zinaweza kukaa kwenye tope la chini hata miaka 20 zikingoja mwanga, na kijiko kinapokwangua ufukwe, kwa nia njema kabisa, kinaziamsha.

Kama ziwa limeshavamiwa na upepo ni wa Mungu, nikakimbizane na opareta kwa ajili ya nini?

## Wageni tunaowala

Kulikuwa na mzee mmoja mvuvi anayeshinda chini ya mwembe wa pale mwaloni, anashona nyavu. Nilizoea kwenda kumwamkia na kukaa kidogo wakati wa chakula. Siku moja nilimlalamikia kuhusu magugu. Akaniacha niseme mpaka nikachoka.

"Binti, leo umekula nini?"

"Sato, mzee."

"Sato naye mgeni."

Akaendelea kushona.

Na ni mgeni kweli. Sato tunayemla Jumapili aliingizwa ziwani miaka ya 1950, na sangara katika kipindi hicho hicho na miaka ya 1960. Wenyeji walikuwa ngege na mbiru, na wale furu wadogo wenye mifupa mingi ambao watoto wa siku hizi hawawajui. Watafiti wanahesabu zaidi ya aina 500 za furu waliotokea kwenye ziwa hili na si kwingineko. Miaka ya 1980 sangara alipofumuka, aina zipatazo 200 zinadhaniwa zilipotea, nyingine kabla hazijapewa hata jina. Wakati huo huo sangara ndiye aliyejenga viwanda vya minofu, akasomesha watoto, akalipa kodi za nyumba kuanzia Igogo mpaka Kirumba. Nani atasimama mwaloni aseme sangara arudi kwao?

Hata kishona nguo kinachotung'ang'ania kwenye sketi kimetoka Amerika. Mwarobaini wa mbele ya stoo yangu umetoka Asia, na kivuli chake ndiko ninakohesabia mifuko ya saruji. Nikaanza kuona neno "vamizi" kama neno la watu wasio na njaa.

Lakini mzee hakuwa amemaliza. Baada ya kukata uzi kwa meno akasema, "Ngege wa kweli sasa nenda malamboni. Huku ziwani utachoka."

Nililisikia, nikalipita. Lilikuja kunirudia baadaye.

## Kichuguu

Nyuma ya pale banda lilipopangwa kulikuwa na kichuguu kikubwa, kirefu kunizidi. Fundi alikitaka. Udongo wa kichuguu ukishindiliwa unashika vizuri, kila fundi anajua, na kilikuwa bure. Mtaro wa maji ya mvua nao ulichorwa upite hapo hapo. Kuvunja kichuguu kungekuwa kuua ndege wawili kwa jiwe moja.

Mlinzi wa usiku ndiye aliyesema. Alimwona kenge jike, mkubwa, akichimba ubavuni mwa kichuguu baada ya mvua, halafu akaondoka na shimo likazibwa.

Hakuliziba yeye. Ni mchwa. Kenge wa majini huchagua kichuguu chenye mchwa hai, anatoboa, anataga mayai kwa makumi, anakwenda zake. Mchwa wanatengeneza nyumba yao kama walivyozoea, na bila kukusudia wanayafungia mayai ndani, kwenye joto na unyevu usiobadilika sana, kwa miezi mingi mpaka vitoto vitoke, mara nyingi mvua ikishalainisha ukuta. Kwa nje huoni chochote. Ni lundo la udongo.

Nilipolipeleka hili kwenye kikao cha asubuhi hakuna aliyemhurumia kenge. Anaiba samaki, anaiba mayai, anatisha watoto. Nikasema kenge huyo huyo hufukua mayai ya mamba na kuyala. Mama mmoja mchuuzi aliyekuwa anapita na beseni akanijibu bila kusimama: "Basi aendelee na ya mamba, ya kuku wangu ayaache."

Injinia akacheka, akachukua mchoro, akauvuta mtaro ukapita upande wa pili. Ilimchukua muda wa kunywa chai. Gharama iliyoongezeka ni tripu moja tu ya udongo wa sakafu tuliyoinunua.

Nimeendelea kuliwaza tukio hilo kwa sababu lilikuwa rahisi mno. Kwenye kabrasha, wanyama wa eneo wameorodheshwa vizuri, kwa majina ya kitaalamu, kenge yumo. Aliyeandika alimwona kenge. Hakukiona kichuguu. Orodha inakuambia nani anaishi hapa. Haikuambii analala wapi, na kijiko kinavunja mahali pa kulala.

Baada ya hapo tulifanya mengine madogo madogo. Mitaro ya msingi ikiachwa wazi usiku tuliegemeza ubao kila baada ya hatua kadhaa, ili kinachotumbukia kipate kupanda. Asubuhi moja tulimkuta kobe amefika nusu ya ubao, na vyura ndio usiseme. Mafunjo yaliyopaswa kufyekwa yalianzia upande wa nchi kavu kuelekea yale yanayobaki, si kinyume chake, ili viumbe wasogee badala ya kuzingirwa. Kwenye mafunjo ndiko wanakojificha samaki wadogo wasiomudu sangara, maana maji yale yana hewa kidogo na sangara hayawezi. Kamongo yeye anavuta hewa ya juu, hivyo kwake ni nyumbani. Dume hukaa humo akilinda kiota.

Kamongo mmoja alifukuliwa hata hivyo. Aliliwa mchana huo huo, na sikuwa na la kusema.

## Maji ya rangi ya chai

Kilichonishtua zaidi si magugu wala kenge. Ni tope.

Siku tulipoanza kuchimba sehemu ya mteremko inayoingia majini, maji yakawa kama chai ya maziwa umbali wa kurusha jiwe mara mbili. Fomeni akasema tope litatua lenyewe. Litatua, ndiyo. Ila kuna kisa cha hapa hapa Mwanza ambacho nadhani kila anayechimba ufukweni angekisikia.

Kwenye majabali ya ghuba wanaishi furu ambao wavuvi huwaita mbipi. Wawili kati yao ni ndugu wa karibu sana: dume wa mmoja ana rangi ya bluu yenye mistari, na wataalamu wamempa jina la pundamilia, dume wa mwingine ana wekundu mgongoni, na jina lake la kisayansi, nyererei, limetokana na Mwalimu Nyerere. Majike wao wanafanana mno. Jike anamtambua dume wa kabila lake kwa rangi. Maji yakiwa meupe, kila mtu anajua nyumbani kwake. Maji yakichafuka, mwanga unaofika chini hautoshi kuzitenga rangi hizo, na majike wanaanza kukosea. Utafiti wa Ole Seehausen na wenzake, uliochapishwa 1997, ulionyesha kwamba mahali penye maji machafu aina hizi zinachanganyikana. Kwenye visiwa vya maji meupe, kama Makobe, bado wako wawili. Kule ndani ya ghuba kwenye maji ya tope, kisiwani Luanso, wamekuwa kundi moja.

Hakuna aliyewavua, hakuna aliyewala. Wameisha kwa kutoonana.

Sisi na mteremko wetu hatuwezi kulifanya hilo peke yetu. Tope la ghuba linatoka kwenye mashamba, mifereji, milima iliyovuliwa miti na kuvunjwa kokoto. Lakini nilipomsimulia injinia, alinyamaza, halafu akaagiza turubai la zamani. Tukalifunga madumu matupu upande wa juu lielee, na mawe upande wa chini lizame, tukalizungusha pale panapochimbwa. Halikuwa zuri. Lilipasuka mara mbili. Nje yake, hata hivyo, ulikuwa unaona mawe ya chini.

## Kinakwenda wapi?

Kazi ya kijiko ilipokaribia kuisha nilimsikia opareta akizungumza kwenye simu na bosi wake. Mtambo unahitajika Kwimba. Kuna lambo, bwawa dogo la kijiji, la kufukua kabla mvua hazijaanza.

Lambo!

Ndipo maneno ya mzee yakanirudia, na pamoja nayo lile la opareta kwamba ziwa ni moja. Ziwa ni moja, sawa. Lambo la Kwimba si ziwa. Halina upepo unaotoka Kigongo, halina mto unaotoka Kagera. Gugu haliwezi kufika kule kwa nguvu zake. Litafika likiwa limepanda lobedi, limelipiwa usafiri, limeshushwa taratibu na opareta mwenye uzoefu.

Wasukuma wa bara wanajua lambo ni nini wakati wa kiangazi. Ng'ombe wote wa vijiji kadhaa wanakunywa hapo. Likifunikwa na zulia la salvinia, chini yake maji yanakosa mwanga na hewa, na samaki waliomo wanakufa. Katika baadhi ya viziwa na mabwawa madogo kama hayo, mbali na sangara, ndimo ngege alimobaki.

Wiki zote hizo nilikuwa nimesimama getini nikitazama upande mmoja. Nilikuwa nalinda ufukwe wetu dhidi ya kinachoingia, na kwenye hilo opareta alikuwa na haki ya kunicheka, kwa sababu ufukwe wetu umeshaingiwa. Kitu kisafi kilichobaki kiko mbele ya safari. Kijiko kinatakiwa kuoga wakati wa kuondoka kuliko wakati wa kufika, na kisioge ziwani.

Hili limenibadilisha namna ninavyomsikiliza mtu akisema "hapa pameshaharibika". Pengine ni kweli. Swali langu siku hizi ni mtambo unaelekea wapi baada ya hapa.

## Nani analipa saa ya mwisho

Nilimpata opareta jioni, nikamweleza habari ya lambo. Sikutaja sheria wala kabrasha. Nilimuuliza tu kama kwao kuna lambo.

Akakaa kimya kidogo. "Lipo. Mama anachota hapo."

Kesho yake alikipandisha kijiko juu, mbali na maji, mahali tulipomwaga kokoto na kuchimba shimo la maji kuzama ardhini. Akakiinua upande mmoja kwa mkono wa kijiko chenyewe, mnyororo ukaning'inia ukazungushwa hewani, akachokonoa kwa mtaimbo kabla hata ya kufungua mashine ya presha. Kukwangua kwanza, maji baadaye. Ukianza na maji unalainisha tope likaingia ndani zaidi. Alifungua bamba la chini ya injini. Alitoa makapi yaliyonasa kwenye wavu wa rejeta. Alikung'uta hata zulia la miguuni. Kazi ilichukua sehemu kubwa ya asubuhi, na kilichotoka kikajaza toroli: tope la rangi tatu tofauti, mizizi, masuke makavu, kipande cha wavu, ganda la konokono.

"Dada, ningejua nabeba mzigo wote huu ningemdai mtu nauli."

Tukalifukia lote juu kule kwenye shimo kavu. Kijiko kikaondoka kimetakata.

Sasa mambo ya hela, ambayo ndiyo yananikosesha usingizi kuliko salvinia yenyewe. Kijiko kinakodiwa kwa saa. Saa inaanza kuhesabiwa mtambo ukigusa ardhi yetu na inakwisha kazi ikiisha. Lobedi ya kuuondoa inalipwa na yule anayeupokea. Kuosha kunadondoka katikati: kwetu kazi imeisha, kwa mteja mpya haijaanza, na mwenye mtambo anaona ni dizeli inayoungua bure. Asubuhi ile opareta alikwangua kwa saa ambazo hakuna aliyemwandikia, kwa sababu ya mama yake na lambo la kwao. Huwezi kuendesha nchi kwa kutegemea kila opareta awe na mama anayechota lamboni.

Nimependekeza hivi: saa mbili za mwisho za kukodi mtambo ziwe za kuosha, ziandikwe kwenye mkataba tangu siku ya kwanza, zilipwe kama saa nyingine yoyote, na mtambo usipite getini bila sahihi ya stoo kwenye hati ya kutoka. Hati hiyo tayari ipo. Inakagua betri, spea na dizeli, maana ndivyo vinavyoibwa. Nimeongeza mstari wa minyororo, bakuli na rejeta, na mwingine wa mahali mtambo unakoelekea. Na kwenye daftari la kupokelea, ile safu niliyokuwa naandika pembeni kwa penseli, ya machimbo, nimeichora kwa rula.

Mwenye mtambo amekataa. Anasema hizo saa mbili azilipe mteja, na zisizidi moja. Injinia anasema mteja hatakubali kitu kisichokuwemo kwenye bei za mwanzo, na kwamba nimpelekee hesabu iliyopigwa vizuri, maji, dizeli na posho, ataiingiza kwenye madai ya kazi za ziada cheti cha pili cha malipo kikishatoka. Hesabu nimeshampa. Cheti bado.

Wakati huo huo nimempigia fundi wa kijiji kule Kwimba, jamaa wa opareta, nikamwomba akipata nafasi ayatazame maji ya lile lambo kwenye kona ya kinamasi, pale mtambo ulipoteremkia. Amesema atapita Jumamosi akienda mnadani.